Chumvi ya mawe ya kupima au ya paketi? Jibu kwa mama wa mwanafunzi wa darasa la sita

Dada mleta mada, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, mwalimu wa sayansi amemwambia mwanao wa darasa la sita aje na kijiko cha chumvi ya nyumbani, na hujui anataka kuifanyia nini. La pili, nyumbani mnatumia chumvi ya mawe ya kupima sokoni kwa kuwa ni ya bahari, ni ya asili na bei yake nafuu, hivyo huoni haja ya ile ya paketi. Waliotangulia wamekujibu "nunua ya paketi, ina madini joto" (yaani iodini) wakaishia hapo. Wako sahihi, ila mtu hawezi kuacha alichokizoea kwa kuambiwa tu.

Nimefundisha sayansi shule za msingi huku Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi, na jambo hili naliwekea moyo kuliko mada nyingine yoyote kwenye silabasi. Huku kwetu mabibi wenye rovu, ule uvimbe wa shingoni unaoletwa na kukosa madini joto, walikuwa wa kawaida, kila kijiji unawakuta, na maelezo yalikuwa mengi: kubeba ndoo kichwani tangu utotoni, kurithi, wengine kurogwa. Watoto wanakuja darasani na maelezo hayo hayo, na ndipo somo linapoanzia.

Tuanze na bahari. Maji ya bahari yana madini joto, sikatai, lakini ni kidogo mno. Lita moja ina kama maikrogramu 60 tu, na ujue gramu 1 ni maikrogramu milioni 1. Lita hiyo hiyo ukiianika juani ikakauka, inakuachia kama gramu 35 za chumvi. Sasa chota gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikivuke kwa siku. Hata tukisema madini joto yote yamebaki ndani ya chumvi pasipo kupotea chembe, kwenye kijiko hicho utapata maikrogramu 8 au 9. Mtu mzima anahitaji 150 kwa siku, mjamzito 250, mtoto wa umri wa mwanao 120. Na kwa kweli hayabaki yote, mengi huondoka na yale maji machungu yanayomwagwa baada ya chumvi kuganda.

Kwa hiyo iwe chumvi ya Bagamoyo, ya Lindi, ya Mtwara, au ya chemchemi za Uvinza kule Kigoma ambayo watu wameichemsha na kuiuza tangu enzi za misafara, kwa jambo hili zote ni ndugu: hazitoshi mpaka kiwandani waongeze. Kinachoongezwa huitwa potasiamu iodeti. Chumvi ikikufikia jikoni ikiwa na miligramu 30 za madini joto kwa kilo, kijiko chako cha gramu 5 kinabeba maikrogramu 150 kamili. Mpe mwanao aipige hesabu hiyo mwenyewe kwenye daftari, ni zoezi zuri la vipimo pia.

Kwa nini sisi wa milimani tuliathirika zaidi? Madini joto huruka kutoka baharini, hunyesha na mvua, hukaa kwenye udongo, mmea unayafyonza, sisi tunakula mmea. Kwenye miteremko yenye mvua nyingi udongo umeoshwa karne na karne, yamebaki haba. Mahindi yanastawi, viazi vinastawi, shamba linapendeza, ila ndani ya chakula hicho madini joto hakuna ya kutosha. Uswisi nayo ni nchi ya milima iliyo mbali na bahari, ilikuwa na tatizo hili hili, na mwaka 1922 walianza kutia madini joto kwenye chumvi. Marekani walifuata mwaka 1924 kwa kuanzia jimbo la Michigan. Kwetu Tanzania, miaka ya 1980 zilianza kugawiwa kapsuli za mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika sana, kisha miaka ya 1990 ikawa lazima kisheria chumvi ya kula iwekwe madini joto. Usidhani wa pwani wamesalimika kwa kuwa na bahari mlangoni, hata Unguja na Pemba upungufu umewahi kukutwa.

Rovu ndilo linaloonekana, ila silo baya kuliko yote. Tezi iliyo mbele ya koo hutumia madini joto kutengeneza homoni, na yakikosekana inavimba ikijitahidi kunasa hata kidogo kinachopita. Homoni hizo ndizo zinazosimamia ukuaji wa ubongo wa mtoto akiwa bado tumboni. Mama mjamzito akiwa na upungufu mkubwa, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na ubongo uliodumaa, akawa mzito wa kusikia au kuongea. Hilo halirudishwi nyuma na dawa yoyote baadaye. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya shingo.

Sasa kile kijiko cha chumvi. Nadhani mwalimu amepata vile vichupa vidogo vya kupimia chumvi ambavyo watu wa lishe na maofisa afya huja navyo shuleni. Darasani kwangu huwa hivi: kila mtoto anafungua kikaratasi chake, anatandaza chumvi juu ya kipande cha karatasi nyeupe, anaisawazisha kwa kidole, kisha linadondoshwa tone moja. Unahesabu kidogo. Chumvi ya paketi iliyotunzwa vizuri inageuka hapo hapo ulipodondosha, doa la zambarau iliyokolea au bluu. Chumvi ya mawe iliyosagwa inalowa tu, inabaki nyeupe vilevile. Watoto hunyamaza, halafu kelele: "Mwalimu, ya kwetu haijabadilika!" Mara nyingine ya paketi nayo inatoa doa lililofifia, na ukimdadisi mtoto unakuta nyumbani chumvi inakaa wazi karibu na jiko.

Kinachotokea ni kemia rahisi. Ndani ya kichupa kuna wanga, asidi kidogo, na chumvichumvi iitwayo potasiamu iodaidi. Iodeti iliyo kwenye chumvi ikikutana na iodaidi penye asidi, inazaliwa iodini huru, na iodini huru ikigusa wanga inatoa rangi ya bluu. Mwanao ameshakutana na rangi hiyo kwenye mada ya vyakula: unadondoshea iodini kwenye kipande cha kiazi, kinageuka bluu-nyeusi, unasema kiazi kina wanga. Pale tulikuwa na iodini mkononi tukitafuta wanga. Hapa tuna wanga mkononi tunatafuta iodini. Mtoto akishaliona hilo, mada mbili za kitabu anazozikariri mbalimbali zinakuwa kitu kimoja, na hazisahau tena.

Ukitaka aone kwa macho nyumbani, nenda duka la dawa ununue kichupa cha iodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda. Changanya matone machache na maji vijiko viwili vitatu mpaka iwe rangi ya chai ya rangi. Dondoshea kwenye ugali uliopoa, wali, kipande cha muhogo, yai la kuchemsha, dagaa. Ugali na muhogo vitakuwa bluu-nyeusi, yai na dagaa vitabaki na rangi ya kahawia. Kisha kamulia limau juu ya ugali ulioweka bluu: rangi inafifia na kutoweka, kwa sababu vitamini C inaigeuza iodini kuwa iodaidi, ambayo wanga hauitambui. Ubuyu nao unafanya kazi hiyo. Vyakula vya majaribio vitupwe, asile mtu wala kuku, na dawa hiyo ya kidonda isinywewe kamwe kwa kudhani unaongeza madini joto.

Angalizo moja, maana watoto wengi hujichanganya: ukidondoshea dawa hiyo ya kahawia juu ya chumvi, haikuambii lolote kuhusu chumvi. Iodini umeileta wewe. Kipimo cha chumvi ni kile kichupa chenye wanga.

Kuhusu utunzaji: nunua paketi iliyofungwa, yenye maandishi kwamba ina madini joto, kisha ihamishie kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na jua na mvuke wa sufuria. Iodeti inayeyuka kwenye unyevu, ndiyo maana gunia la chumvi likikaa wazi dukani na kuvuja maji chini, madini joto yanatoka na maji hayo. Wenye tabia ya kuiosha chumvi ili iwe nyeupe wanayaosha nayo. Tia chumvi mboga ikikaribia kuiva badala ya kuichemsha nayo tangu mwanzo.

Na tafadhali usiongeze chumvi eti upate madini joto zaidi. Kiasi ni kile kile kijiko kimoja kwa mtu mzima kwa siku, watoto pungufu, tena tukihesabu na chumvi iliyomo kwenye mkate na vitafunwa. Presha haina huruma.

Kama mnakula sana muhogo mchungu, hilo nalo lina uhusiano. Sumu yake ya sianidi ikiingia mwilini kwa kiasi kidogo kidogo, mwili unaigeuza kuwa kitu kingine kinachoizuia tezi kufyonza madini joto. Madaktari wa Kibelgiji walichunguza kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, Kongo, miaka ya 1960: madini joto yalikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na kuwa nadra kusini magharibi. Uchunguzi ulielekeza kwenye muhogo uliokuwa ukiliwa zaidi kaskazini. Kwa hiyo kuuloweka na kuuvundika siku kadhaa, kisha kuuanika ukauke vizuri, kama wazee walivyofundisha, si kupoteza muda.

Mwenye uvimbe tayari asitegemee chumvi ya paketi peke yake. Uvimbe wa tezi una sababu nyingine pia, na wa siku nyingi huenda usiishe kabisa. Aende hospitali apimwe.

Mpe mwanao vijiko viwili, kimoja cha chumvi yako ya mawe na kimoja cha paketi, vikaratasi tofauti vilivyoandikwa kwa kalamu, mwalimu atakushukuru. Chumvi ya mawe iliyobaki usiitupe. Itafaa kuondolea utelezi wa kambale na kusugulia sufuria.