Upepo wa Rasi ya Cape

SWALI: Nakimbia kando ya ziwa hapa Entebbe. Januari nitakimbia njia za mawe kwenye rasi ya Cape, Afrika Kusini. Nijiandaeje?

JIBU: Hewa nyepesi ya milimani isikutishe, ndugu: ufuo wa Entebbe uko takriban mita 1,130 juu ya bahari, kupita hata kilele cha Table Mountain, mlima wa huko Cape. Shida ni upepo wa kusini-mashariki, mkali hasa majira yao ya joto. Anza ukiukabili, urudi ukikusukuma. Ukifanya kinyume, utakutana nao umechoka na umelowa jasho, baridi ikuingie. Penye mawe fupisha hatua, maana mguu ulio hewani husukumwa pembeni, ukateguka kifundo. Koti libane, linalopepea hukuvuta kama tanga. Chakula kifiche. Nyani wa huko wanyang'anyi!