Jibu: Kwenye enduro ya baiskeli, kupanda mlima kunahesabiwa?

Karibu, ndugu. Enduro ni mbio za baiskeli za milimani zenye vipande kadhaa. Hapana, kupanda hakuhesabiwi. Muda hupimwa kwenye vipande vya kuteremka tu, kisha muda wa vipande vyote unajumlishwa. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Ila usizubae huko juu! Mara nyingi kila kipande una saa yako ya kuanza, na ukichelewa unaongezewa muda wa adhabu. Kukata kona nje ya utepe unaoonyesha njia kunaweza kukutoa mashindanoni.

Beba tyubu, pampu na kiungo cha mnyororo, maana kwa kawaida fundi haruhusiwi kukusaidia popote tu njiani. Pedi za breki badilisha wiki moja kabla. Mimi nilibadilisha usiku wa kuamkia mbio, nikateremka kipande cha kwanza breki hazishiki, kwa kuwa pedi mpya zilikuwa bado hazijazoea.