Magofu yaliyoota miti: jua kwanza ukuta unatazama wapi

Mwenzetu anauliza mbona picha zake za Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa kale kule Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, kuta zinaungua (zinatoka nyeupe tupu) na mizizi inakuwa giza tupu, na kama dawa ni kununua lenzi nyingine. Lenzi haina kosa, kosa ni kupiga saa tano asubuhi. Jua limeshapanda, linapenya majani vipande vipande, na jiwe la matumbawe lenye chokaa linarudisha mwanga mwingi mno kuliko gome la mbuyu lililo pembeni yake. Kamera haibebi tofauti hiyo kwa picha moja.

Anza na dira. Misikiti ya kale ya pwani hii kibla chake kiko kaskazini, maana Makka kutoka hapa iko karibu kaskazini kamili. Kwa hiyo uso wa kibla ukiwa ndani unatazama kusini. Kuanzia mapema Oktoba hadi karibu tarehe 10 Machi, jua la mchana la Mombasa hupita upande wa kusini. Desemba na Januari, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, mwanga unakuja kwa ubavu na kuusugua ukuta: kila ufa, kila mzizi mwembamba uliojipenyeza kwenye chokaa, unatupa kivuli chake. Juni na Julai uso huohuo umo kivulini kutwa. Lakini Juni masika ndiyo yametoka kupita, kuta zina utando wa kijani na mibuyu ina majani. Basi Juni piga mimea, Januari piga jiwe. Anayetaka vyote kwa siku moja ataambulia nusu nusu.

Pima mwanga kwenye jiwe, usipime kwenye majani. Hakikisha histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, haijabanwa kulia. Piga RAW (faili ghafi la kamera), kwani kivuli kinafufulika lakini chokaa iliyoungua hairudi. Wengi hupiga picha tatu zinazopishana stopu mbili (kila stopu ni mwanga kuzidi au kupungua mara mbili) ili waziunganishe. Kwa ukuta ni sawa, kwa majani ni balaa: kusi ikivuma, jani moja litatokea mara tatu. Penye upepo chukua moja tu, tundu la lenzi f/8, shata isiwe chini ya 1/125 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ipande hata 800.

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja, nunua filta ya polaraiza. Inaondoa mng'ao kwenye majani yaliyolowa, kijani kinakolea. Inakula stopu moja na nusu hadi mbili. Ila kwenye lenzi pana usiitumie anga likionekana, bluu itakolea upande mmoja na kupauka mwingine.

Kuhusu lenzi yenyewe: dari za nyumba hizi zilibebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vina upana wa mita 2.5 hadi 3 tu. Huna pa kurudi nyuma. Kwenye kamera ya fremu kamili (kihisi cha 36 kwa 24 mm), 50 mm kutoka mita 2.5 inakupa chini ya mita 2 za ukuta, 24 mm karibu mita 3.7. Inatosha. Usiegemee ukuta kutafuta nafasi, na usivute mzizi ili upendeze. Mara nyingi huo mzizi ndio ulioshika mawe.

Ukitaka bahari iliyojaa nyuma ya msikiti jua likichomoza, nenda siku ya 2 au ya 3 baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Maji hapo hujaa karibu saa kumi na mbili. Siku za maji mafu, alfajiri maji hayatakuwa yamejaa. Alfajiri lakini lango huwa bado limefungwa, kwa hiyo ongea mapema na wasimamizi wa Makumbusho ya Taifa. Droni inahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Mimea ikila jengo huonekana kwa picha zinazorudiwa mahali palepale. Alama ya mahali hapo usiiweke kwa rangi wala msumari. Panga vitu viwili vipishane kwenye fremu, mfano kingo ya mlango na pembe ya ukuta wa nyuma, kisha andika urefu wa lenzi, kimo cha tripodi kwa futi ya fundi, na saa. Joto la rangi (white balance) liache 5500 K kila safari. Ukiachia kamera ichague, chini ya miti itabadilisha kijani kila mara na hutajua kipi ni cha msimu na kipi ni cha mashine.

Ukitoka kwenye gari lenye AC, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa dakika 20 hadi 30, la sivyo lenzi itajaa ukungu. Chumvi iliyokauka juu ya filta usiisugue na kitambaa kikavu, itakwaruza, lowesha kwanza. Miguu ya tripodi iliyoingia mchangani ifunguliwe na kusuuzwa siku hiyohiyo, tena kwa maji matamu. Visima vingi karibu na ufuo vina chumvi vilevile.