The Living Bible si tafsiri ya moja kwa moja

Je, The Living Bible, Biblia ya Kiingereza ya 1971, ilitafsiriwa kutoka Kiebrania na Kigiriki, lugha za asili za Biblia? Hapana. Mwandishi wake, Kenneth Taylor, aliichukua American Standard Version, tafsiri ya Kiingereza ya 1901, akaieleza upya kwa Kiingereza cha kila siku, kwa sababu watoto wake hawakuwa wakielewa Maandiko yaliyosomwa katika ibada ya nyumbani, na sehemu ya kazi hiyo aliifanya ndani ya treni akielekea kazini Chicago. Hakuficha kwamba kazi yake si tafsiri ya moja kwa moja, nami namheshimu kwa hilo. Isichanganywe, hata hivyo, na New Living Translation ya 1996, ambayo wataalamu wapatao 90 waliifasiri kutoka lugha hizo za asili za Biblia. Kwa kufundishia, tumieni hii ya pili.