Bia na mikeka ya jioni: kwa nini upweke hutafuta njia hii?

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma mwenye umri wa miaka 41. Nilihamia Dodoma kikazi, mke na watoto wakabaki Dar es Salaam kwa sababu ya shule. Zamani nilikunywa kwenye sherehe tu. Sasa kila jioni nikifika nyumbani Kisasa nakunywa bia nne au tano huku nikitengeneza mikeka ya kubeti kwenye simu. Hainipi raha kama mwanzo, lakini jioni haipiti bila hivyo. Kitaalamu, ni nini kinachotokea? Je, ni udhaifu wangu tu?

JIBU: Ndugu yangu, nakushukuru kwa kueleza hali yako bila kujificha. Huo si udhaifu, na ningependa uliamini hilo kabla ya kusoma yanayofuata, kwa sababu anayejiona dhaifu huona aibu, na aibu nayo humrudisha kwenye bia.

Ubongo hujifunza kufuata raha, lakini hujifunza pia kukwepa maumivu, na hili la pili ndilo lililokupata. Jioni ile ya kwanza ulipoingia katika nyumba isiyo na sauti za watoto ukafungua bia, pombe iliongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza shughuli za ubongo, na upweke ukalegea kabla hujamaliza chupa ya pili. Kumzoea jirani huchukua miezi, na safari ya kwenda kuiona familia husubiri likizo, bia haikusubirishi. Nafuu inapokuja upesi kiasi hicho, ubongo huihifadhi kama jibu la upweke, na kesho yake hukukumbusha hata kabla hujatoka ofisini.

Kuhusu raha iliyopungua, mtafiti Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ameonyesha kwamba kutamani kitu na kukifurahia huendeshwa na mifumo tofauti ya ubongo. Dopamini, ambayo wengi huiita kemikali ya raha, huhusika zaidi na kutamani. Ndiyo maana tamaa inaweza kukua huku raha ikififia. Isitoshe, ubongo unaotulizwa na pombe kila siku hupunguza utulivu wake wa asili, kwa hiyo jioni isiyo na bia huja na wasiwasi ambao hukuwa nao ulipohamia. Pombe pia huvuruga usingizi wa usiku wa manane, ukaamka umechoka na mwenye huzuni zaidi.

Kubeti hukushika kwa namna nyingine. Malipo yasiyotabirika hujenga tabia ngumu kufutika kuliko malipo ya uhakika, na mkeka uliochanika kwa timu moja tu huchochea hamu ya kujaribu tena, ingawa kwa hesabu ni hasara sawa na nyingine.

Mazingira nayo yana uzito kuliko tunavyokubali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliokuwa na uraibu wa heroini nchini Vietnam, akakuta kwamba wengi wao hawakurudi kwenye uraibu baada ya kufika nyumbani. Si kila mtu hupona kwa kuhama, lakini kwako wewe naona upweke ni sehemu ya ugonjwa na unastahili kutibiwa: mweleze mke wako ukweli huu, mpange kuzungumza saa ileile unayofungua bia ya kwanza, na utafute mtu wa kula naye chakula cha jioni.

Hata hivyo, usiache pombe ghafla ukiwa peke yako. Ikiwa mikono hutetemeka asubuhi, au hutokwa na jasho na moyo kwenda mbio mpaka unywe, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Nenda kwanza Hospitali ya Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyo hapahapa Dodoma. Najua jina hilo hutumiwa kwa utani kumsema mtu aliyerukwa na akili, na utani huo umewachelewesha wengi niliowasikiliza. Ukifika, taja idadi ya bia kama ilivyo, bila kupunguza hata moja, kwa kuwa hesabu hiyo humsaidia daktari kuamua kama utahitaji dawa za kukuvusha salama katika siku hizo za mwanzo.