Usitie udongo wa kupima kwenye kiroba cha mbolea ya DAP!

Mkuu uliyeuliza toka Mbozi, weka jembe chini kwanza. Umesema una ekari 6 za mahindi, na muuza pembejeo kakwambia uchimbe shimo moja katikati, utie udongo kwenye kiroba cha DAP "kilichokung'utwa vizuri", upeleke maabara. Kisha ukauliza mbegu, gharama na idadi ya mifuko ya mbolea. Hayo baadaye. Kiroba hicho kitakula msimu wako.

Piga hesabu. DAP ina fosforasi halisi asilimia 20 (ile 46 ya kwenye mfuko ni P2O5, yaani fosforasi ikihesabiwa pamoja na oksijeni). Gramu moja tu ya vumbi lake kwenye kilo ya udongo imeongeza miligramu 200 za fosforasi. Udongo wenye njaa ya fosforasi husoma chini ya miligramu 10 kwa kilo kwa Olsen, njia mojawapo ya maabara ya kupima fosforasi! Hata nusu ikinaswa na udongo, majibu yatarudi yameandikwa "juu sana". Maabara haina kosa, imepima ilicholetewa. Utashauriwa upandie bila fosfeti (mbolea ya fosforasi), nawe utashangilia kuokoa hela. Wiki chache baadaye majani yanageuka zambarau kingoni, mahindi yamedumaa, unakimbilia urea. Urea ni naitrojeni tupu. Ukimwaga fosfeti juu nayo haishuki, kwa sababu kwenye udongo mwekundu wenye tindikali hunaswa na chuma na alumini palepale ilipoangukia. Ndiyo maana huwekwa kwenye shimo la mbegu siku ya kupanda. Hapo umeshachelewa. (Msiniulize nimeyajulia wapi.)

Na hawa wauzaji! Anakuuzia mbolea, anakuuzia na kiroba kitupu, halafu anageuka mtaalamu wa udongo. Mwingine anachomeka kijiti chenye kioo, anakusomea NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) papo hapo. Kile kinapima umeme unavyopita kwenye unyevu na chumvi. Mwagia maji kidogo uone namba zinavyocheza.

Chukua ndoo ya plastiki iliyooshwa. Ya bati hapana, ina zinki, itaharibu kipimo cha zinki. Ondoa majani, chimba hadi sentimita 20, kata kipande chembamba ukutani mwa shimo toka juu hadi chini. Shimo moja halitoshi: ekari moja kwa kina hicho ni kama tani elfu za udongo. Chimba 15 hadi 20 kwa zigizaga, bondeni peke yake, mteremko peke yake. Ruka vichuguu, zizi la zamani na palipochomwa mabaki. Changanya, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, rudia mpaka ibaki nusu kilo. Anika kivulini juu ya nailoni mpya, si turubai ulilochanganyia mbolea, wala si stoo yenye mbolea. Fungasha kwenye mfuko mpya.

TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya, iko upande wenu. Omba pH (kipimo cha tindikali), kaboni, fosforasi na potasiamu, na uulize fosforasi wamepima kwa njia ya Bray au ya Olsen, maana viwango vyake havilingani.

Kama kiroba umeshakijaza, mwaga. Kuchekecha hakusaidii, vumbi limeshaingia. Na kama leo umeshika mbolea, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa ndoo. Kijana atakayekusaidia kuchimba naye anawe.