Acheni kupeleka mbele zile sini za kitandani

Naandika kwa wale ambao watu wakianza tu kubusiana kwenye muvi, mkono unaenda kwenye rimoti. Mimi na mume wangu tunapenda sana hizi muvi za Uingereza za bajeti ndogo, zisizo na magari kulipuka wala nini, na humo sini ya mapenzi ndo stori yenyewe, ukiiruka umeachwa.

Chukua 45 Years ya mwongozaji Andrew Haigh, ya 2015. Wazee wa Norfolk, Charlotte Rampling na Tom Courtenay, wiki ya sherehe ya miaka 45 ya ndoa inakuja barua kwamba mwili wa mpenzi wa zamani wa mzee umeonekana kwenye barafu huko Uswisi. Usiku wanacheza muziki sebuleni, wanapanda kulala, wanajaribu, mama anamwambia mzee afumbue macho, na akifumbua tu basi, nguvu zinaisha. Hakuna uchi wa kushangaa pale, ila aliyekaa kwenye ndoa ataelewa kabisa mzee alikuwa na nani pale kitandani. Sisi tulisimamisha muvi tukaongea mpaka usiku mkubwa, mambo ambayo hakuna kati yetu angeyaanzisha.

Mwenye binti mkubwa aangalie How to Have Sex ya Molly Manning Walker (2023), aanze peke yake halafu waangalie wote hata kama ni aibu. Tara ana miaka 16, kaenda kula bata Malia, kisiwa cha Krete huko Ugiriki, na mashosti zake. Ufukweni kijana anamuuliza, anajibu ndiyo, lakini mwangalie usoni jamani! Baadaye kijana huyohuyo anamjia binti yuko usingizini, haulizi tena. Mwanao akikuuliza mbona Tara alikubali, hapo ndo pa kukaa na kuongea naye, usikimbilie kumhubiria.

Halafu Weekend ya 2011, Haigh tena, wanaume wawili Nottingham, ilirekodiwa kwa mpangilio wa stori yenyewe kwa hiyo waigizaji wanazoeana kadiri muvi inavyoenda, na kwangu mazungumzo yao ya asubuhi yana mapenzi kuliko tendo.

9 Songs ya 2004 waigizaji wanafanya tendo lenyewe kweli kabisa na sikuipenda, dakika 69 zinaisha huwajui wale watu ni akina nani.

Kama hamjawahi kuangalia hizi pamoja anzeni na ya wale wazee, watoto wakishalala, simu mbali.